Manjano ya Bochaberi

Kultum ana duka la viungo mjini Migori, aliloachiwa na marehemu mumewe. Si mtu wa maneno mengi, isipokuwa ukimuuliza habari za iliki. Wateja humwita Mama Sumayya.

Mwaka jana mteja wake mmoja, Bochaberi, mkulima wa Uriri, alianza kununua manjano kwa kilo. Kultum alifurahi, akadhani mwenzake amefungua hoteli, akawa anamwongezea kidogo kila akipima.

Siku moja alimpa mfuko, Bochaberi akashindwa kuinua mkono kuupokea.

"Mkono una nini, dada?"

Bochaberi alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema ana saratani ya titi. Alianza kutundikiwa dawa za saratani kliniki ya Homa Bay, zikamtapisha mpaka hawezi kusimama, akaacha. Baadaye akasikia mtafiti redioni akisema ndani ya manjano kuna kitu kinachokata ujumbe unaoziamuru seli za saratani zizaane.

"Nakunywa asubuhi na jioni, Mama Sumayya. Haya yako ndiyo mazuri."

Akamwonyesha uvimbe kwapani. Miezi yote hiyo Kultum alikuwa akimuuzia kwa furaha.

"Kesho nafunga duka. Twende wote Homa Bay tukaulize."

"Watanigombeza."

"Basi watugombeze sote. Mimi ndiye muuzaji."

Kliniki ya Homa Bay walipokewa na daktari kijana, Ongeri. Hakugomba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Yule mtafiti hakudanganya," alisema. "Kwenye maabara, seli zikimwagiwa kitu hicho, ujumbe unakatika kweli. Lakini ukikinywa, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Hata baadhi ya dawa zetu hapa zilitoka kwenye mimea, ila zimepimwa kwa wagonjwa, tunajua kiasi gani kinafanya kazi. Manjano ya mchuzi endelea nayo, mama. Hayo ya kunywa kwa vijiko, yaache."

Bochaberi alilia. "Nimejipotezea wakati."

"Uvimbe umekua, sitakuficha. Bado unatibika. Na kutapika kuna dawa yake, ungetuambia tu."

"Nilidhani ni lazima nivumilie."

Alirudia dawa za kutundikiwa, na safari hii alivumilia kidogo zaidi, kwa sababu walimpa vidonge vya kichefuchefu. Mumewe, Gichana, aliposhikwa na palizi, Kultum ndiye aliyekaa na Bochaberi kliniki akimmenyea machungwa. Mwishowe titi liliondolewa. Hakuna aliyemwahidi kwamba ugonjwa umeisha. Anarudi kupimwa, na mkono bado mzito, lakini mahindi yake ya msimu huu ameyapanda mwenyewe.

Kultum naye sasa humuuliza kila anayetaka manjano mengi kama ni ya jikoni au ya ugonjwa. Wengine hukasirika. Juzi mzee kutoka Ndhiwa alitoka dukani akinung'unika kwamba amekuja kununua, si kuhojiwa. Kultum alimfuata hadi barabarani, wakasimama juani wakizungumza, mpaka mzee akakubali kurudi dukani, kukaa na kueleza mkewe anaumwa nini.