Zile Hesabu za Saa Tisa Nilizitunga Mimi

Makosa ni yangu, na simsingizii shetani. Nimeyafungia kifuani miaka mingi, leo wacha niyatoe yote.

Wakati huo nilikuwa nakaa mtaa wa Tuwan, nafanya kazi na kampuni ndogo ya mitambo hapa Kitale. Tulipewa kazi ya kuunganisha dispensari moja huko mlimani na hospitali moja Bungoma kwa antena, bila waya, ndio sista, yaani nesi wa huko juu, amuulize daktari swali na ajibiwe papo hapo. Lakini kabla ya kukabidhi lazima upime. Kila saa, wiki mbili nzima, mimi natuma pakiti mia, yaani vijumbe vidogo vya kompyuta, kutoka mlimani, na mwenzangu Nasimiyu akiwa juu ya paa la hospitali anahesabu ngapi zimefika. Anaandika kwa daftari.

Huyu Nasimiyu mimi ndio nilimfundisha! Hata kushika koleo hakujua. Sasa bosi akawa kila asubuhi ni Nasimiyu hivi, Nasimiyu vile, ati yeye ndio ataongoza kazi ya Bungoma. Roho iliniuma, bana. Nikisikia hilo jina hata chai ilikuwa hainishuki.

Daftari yake ilisema asubuhi zinafika karibu zote, lakini mvua ya saa tisa ikianza, ile mikaratusi iliyo katikati ikilowa, hazifiki hata nusu. Akaomba tuongeze urefu wa mlingoti wa antena. Mimi nikamvuta bosi kando. Nikamwambia huyo msichana akiona mawingu anashuka anaenda kunywa chai hotelini, hizo hesabu za alasiri anatunga. Nikajitolea kupima upya peke yangu, kompyuta ya hospitali ikijibu yenyewe.

Sikupima. Nilikaa kwa varanda ya dispensari mvua ikinyesha, nikanakili hesabu za asubuhi kwa mistari ya alasiri. Na mwandiko safi kabisa! Nasimiyu akafutwa kazi, mlingoti ukabaki vile ulivyo, mimi nikapewa hicho cheo.

Mvua ndefu zikaja. Alasiri moja kulikuwa na mama huko mlimani, uchungu umeanza na damu haikatiki. Sista alijaribu kumpata daktari, kimya. Wakambeba mama kwa machela kwenye matope mpaka barabarani. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Sista hakuja kwa kelele. Alikuja Kitale na kitabu chake, kumbe alikuwa anaandika kila siku saa ile netiweki inapotea. Bosi akakiweka kando ya daftari ya Nasimiyu. Saa zilikuwa zilezile. Halafu akaitisha yangu. Woi, nikaiweka mezani mwenyewe.

Kazi nilipoteza, na hiyo ilikuwa haki. Nikateremka Bungoma kumtafuta Nasimiyu, nikampata anatengeneza redio kwa kibanda cha mjomba wake. Nilimweleza yote, pamoja na ile ya mtoto. Hakunitukana. Aliweka chini chuma cha kulehemu, akaniangalia.

“Si ni wewe ulinifundisha,” akasema, “ati niandike ile imefika, si ile nataka ifike?”



Wewe unayesoma hii, na kuna mwenzako kazini anakukosesha raha kwa vile anasifiwa, msifu na wewe, hata kama ni shingo upande. Ukishindwa, nyamaza. Lakini kazi yake usiiguse, kwa sababu kuna mtu mahali anaitegemea, na hata hakujui.