Kifua cha Baba na Chai ya Mama Respa

Hadi leo nikisikia harufu ya tangawizi ikichemka kwenye maziwa, jicho langu hukimbilia kwanza mkono wa anayepika. Mama ndiye aliyenifunza hivyo, miaka ya tisini, tulipoishi Silanga, Kibera, na Baba akiuza makaa.

Baba alikuwa mtu wa nguvu. Alipanda mlima na gunia la makaa mgongoni huku akipiga mluzi. Lakini Jumapili, tulipomtembelea kaka yake, Baba Mkubwa, mwenye duka la hadiwea, la misumari na simiti, kule Kawangware, mambo yaligeuka. Tulikwenda kwa miguu na Baba hakuhema. Akishakaa tu, akapewa chai na Mama Respa, mke wa kaka yake, jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akashika kifua kana kwamba kuna mtu amemkalia.

"Mtu anabeba gunia hasikii kitu, halafu akikalia kochi ndiyo anataka kufa?" Mama aliuliza tukirudi. "Hiyo chai ina mkono wa mtu."

Majirani waliafiki. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Mama akazidi kujumlisha mambo. Kaka yangu Wafula alikuwa ameondoka nyumbani bila kuaga, na hadi wakati huo hatukujua alipo. "Walianza na mtoto," alinong'ona. "Sasa ni baba yake."

Basi nikapewa upelelezi. Nilijibanza jikoni kwa Mama Respa, nikamtazama akikwaruza tangawizi, akitia majani, hata akijikuna.

"We Nekesa, mbona unaniangalia hivyo? Unataka mandazi?"

Nikasema ndiyo. Mpelelezi naye huona njaa, na mandazi sikuyashuku hata kidogo.

Jumapili moja Mama alimwapisha Baba asiguse chochote. Alitii. Alikaa mikono mitupu magotini. Baba Mkubwa akaingia kutoka dukani, ambako kulikuwa na simu. Wafula aliijua namba ya simu hiyo kwa kichwa.

"Bado hajapiga," alimnong'oneza Baba, nami nikasikia. "Huyo kijana bado."

Uso wa Baba ukawa kama majivu, akaegemea upande mmoja. Mama akapiga yowe, akamnyooshea Mama Respa kidole. "Umemfanya nini?"

Mama Respa alikimbia barabarani bila viatu, akasimamisha pikapu iliyokuwa inaleta simiti, na ndiye aliyemshika Baba kichwa hadi hospitali.

Daktari alituambia mishipa inayolisha moyo wa Baba ilikuwa imeziba kiasi. "Mwingine maumivu humshika akibeba mzigo," alisema. "Huyu humshika akiwaza. Wasiwasi unaweza kuibana hiyo mishipa hata mtu akiwa amekaa tu." Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, kuna jambo linakusumbua?"

Baba aligeukia ukuta. "Wafula hakuondoka," alisema. "Nilimfukuza mimi. Nilimwambia asikanyage tena kwangu."

Mama alikuwa hajui. Alisimama, nami nikadhani anaondoka, na kwamba maneno hayo ndiyo yangemmaliza Baba. Badala yake alimvutia blanketi hadi shingoni. "Sasa sema yote," akamwambia. Baba akasema, akilia kama mtoto, na mkono wake haukwenda kifuani hata mara moja.

Wafula alipiga simu masika yalipoanza, akiwa Nakuru. Baba aliweka kwanza kidonge cha moyo chini ya ulimi, ndipo akashika simu. Mama hakumwomba Mama Respa msamaha kwa maneno, ila alianza kumwita dada.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa Jumapili zile zilivyokuwa. Baba alikuwa akienda Kawangware kusikia kama mwanawe yuko hai, kisha anarudi Silanga akitembea kando ya mama wa mtoto huyo, asiweze kumwambia alichokwenda kuuliza.