Pengo Kwenye Lebo

Mtaani walimwita Hakiki, na jina hilo hakupewa bure. Ukimpelekea printa iliyokwama ataifungua, ataisafisha, ataifunga tena, karatasi itatoka safi, nawe utanyoosha mkono uichukue uende zako. Hapo ndipo atakapokuzuia. "Ngoja kwanza nihakiki." Atachapa ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Atazima na kuwasha. Atachomoa waya na kuuchomeka upya. Wateja wenye haraka walimsema sana, lakini printa alizozitengeneza hazikuharibika tena upesi, kwa hiyo waliendelea kumpelekea nyingine.

Wengi waliuita uangalifu. Mke wake, aliyeishi naye miaka ishirini na sita, alijua kuwa ni woga mtupu. Hakiki aliogopa mbwa, ngazi ndefu, daktari wa meno, simu inayolia kabla ya jua kuchomoza na barua yoyote yenye mhuri. Mlango wa nyumba aliufunga, akaujaribu, akalala, kisha akaamka kuujaribu tena. Ufundi wa printa aliuchagua, mwenyewe alisema, kwa sababu printa haing'ati. Lakini kuliko vyote aliogopa watu wakali. Mtu akimpandishia sauti, hata kama haki iko upande wake Hakiki, ulimi ulimganda. Maneno mazuri yalimjia baadaye njiani, moja moja, wakati hayana kazi tena.

Ukimjua hivyo, utaelewa kilichotokea Jumatatu ile kwenye zahanati.

Printa ya kuchapa lebo za dawa ilikuwa imekufa kwa uzee, na Hakiki aliitwa kufunga mpya. Chumba cha dawa kilikuwa chembamba, chenye rafu mpaka darini, kompyuta moja iliyozungushiwa makopo ya vidonge, na dirisha lenye nondo linalotazama ukumbi wa wagonjwa. Nyuma ya dirisha hilo alitawala mfamasia ambaye wagonjwa walimwita Mama Dirisha. Alikuwa mtu wa haki, hapendelei wala hapokei cha mtu. Ila alikuwa na foleni ya watu mia na mikono miwili, na hasira za hali hiyo alizimalizia kwa yeyote aliyesimama mbele yake. Kila mgonjwa alipewa kopo lenye lebo: jina la dawa, jina la daktari na jinsi ya kumeza. Aliyeuliza chochote alijibiwa maneno mawili tu: "Soma lebo." Maneno hayo yalibandikwa pia juu ya dirisha kwa kalamu nyekundu, asije mtu akasema hakusikia.

Hakiki alifunga printa, akaiunganisha na programu ya dawa, akachapa lebo ya majaribio. Ilitoka safi kabisa. Akageuka kuomba dakika tano za kuhakiki, akamkuta Mama Dirisha amesimama nyuma ya kiti akigongagonga kalamu kwenye rafu.

"Imechapa?"

"Imechapa, Mama, ila nilitaka..."

"Basi nipishe kiti, fundi. Foleni imefika barabarani."

Akampisha kiti. Miaka yote ya ufundi wake hakuwahi kuiacha printa bila kuihakiki, na siku hiyo aliiacha.

Lebo ya kwanza ilikuwa na kasoro ndogo. Daktari wa zamu alikuwa mgeni wa nchi ya mbali, na jina lake lina herufi moja yenye alama kichwani. Mahali pa herufi ile palikuwa peupe. Mama Dirisha aliitazama lebo, akacheka, jambo lisilotokea kila mwezi.

"Fundi, umemng'oa daktari wetu jino."

Wagonjwa waliokuwa dirishani walicheka, na Hakiki akacheka kuliko wote, kwa furaha ya mtu aliyeponea kufokewa. "Hilo dogo, Mama. Wiki ijayo nakuja kulimaliza."

Alhamisi mchana alikuwa kwenye karakana yake. Alikuwa ameshakula, hana hili wala lile, akaona afungue kitabu cha maelekezo cha ile printa atafute dawa ya jino la daktari. Haikumchukua muda kuelewa. Programu ya zahanati ilikuwa ya zamani. Haikupeleka herufi kwa printa, ilipeleka namba, na printa ilitazama kwenye jedwali lake kuona namba ile ni ya herufi gani. Printa iliyokufa ilitumia jedwali la zamani kama programu yenyewe. Mpya ilitoka kiwandani imewekewa jedwali jingine, na namba isiyoifahamu iliiruka kimya kimya, ikaacha pengo. Herufi za kawaida zilikuwa zilezile katika majedwali yote mawili, ndiyo maana lebo ya majaribio ilitoka bila doa. Zilizopotea zilikuwa chache za pembeni. Akateremsha kidole kwenye orodha yake: herufi zenye alama kichwani, alama ya nyuzijoto, alama za fedha za kigeni. Kisha kidole kikafika kwenye ½, kikasimama hapo.

Aliiona lebo kabla hajaifikiria. *Meza ½ kidonge.* Na jinsi printa yake ilivyokuwa ikiichapa tangu Jumatatu: *Meza   kidonge.* Anayesoma meza kidonge atameza kidonge. Alianza kuhesabu siku kwa vidole kama mtoto. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, leo. Na lazima tuseme ukweli wake: woga wa kwanza uliomshika haukuwa kwa ajili ya wagonjwa. Ulikuwa wa Mama Dirisha.

Njia nzima ya kwenda zahanati alisikia shetani wake akimnong'oneza. Hakuna anayejua. Ingia, badilisha jedwali, sema umerekebisha jina la daktari, toka. Aliyekwisha kumeza amekwisha kumeza. Hakiki alitembea upesi, karibu kukimbia, jasho likimtiririka mgongoni, na kila mtu aliyepishana naye akiwa na kopo la dawa alimtisha. Alitamani awasimamishe wote awasomee lebo zao.

"Umekuja kwa jino la daktari?" Mama Dirisha alimuuliza, macho yakiwa kwenye vidonge anavyohesabu.

"Ndiyo, Mama."

Alibonyeza vitufe vya printa, akaenda kwenye orodha ya majedwali, akachagua la zamani. Haikumaliza dakika moja. Akachapa lebo ya mfano. Jina la daktari lilitoka limetimia, na chini yake ikatoka ½ nyeusi, nzuri, iliyonyooka. Aliishika lebo ile kwa mikono miwili. Sasa angeweza kusimama na kuondoka, na wala asingeulizwa. Mlango ulikuwa hatua tatu.

"Mama," alisema, na sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi airudie. "Mama. Funga dirisha."

Mama Dirisha aligeuka taratibu. "Nifunge nini?"

"Tangu Jumatatu lebo zetu hazichapi nusu. Aliyeandikiwa nusu kidonge amepewa lebo inayosema kidonge. Kosa ni langu. Sikuhakiki."

Alifumba macho akingoja kufokewa. Alingoja, wapi. Alipofumbua, Mama Dirisha alikuwa amevuta kopo moja la tangu asubuhi, ambalo mwenyewe hajalifuata, akisoma lebo yake, na uso ulikuwa umemshuka. Alivuta ubao wa dirisha akaufunga mbele ya foleni, na watu nje wakanyamaza kwa mshangao, maana ubao ule haukuwahi kufungwa mchana.

Programu ilikuwa na kumbukumbu ya kila dawa iliyotoka. Walitafuta zenye nusu, wakapata watu thelathini na mmoja. Wakagawana simu. Hakiki, aliyeogopa hata simu ya shemeji yake, alipiga namba za watu asiowajua, moja baada ya nyingine, akijieleza kwa kigugumizi. Wengi walikuwa salama. Mama mmoja alisema dawa ile anaitumia mwaka wa sita na wala lebo haisomi. Mtoto wa dawa ya maji alipewa pungufu badala ya zaidi, maana kijiko 1½ kilisomeka kijiko 1. Bwana mmoja alimtukana akakata, kisha akapiga mwenyewe kuuliza aache au aendelee. Kila mmoja aliyepokea, Hakiki alimkata kwa mstari kwenye karatasi, na kila mstari ulimpa pumzi kidogo.

Alibaki mmoja. Mzee wa miaka sabini na minne, aliyekuwa fundi saa. Dawa ya moyo, mara ya kwanza kuitumia, kali: nusu asubuhi, nusu jioni. Amepewa Jumatatu. Simu iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena, ikaita vilevile.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa," alisema Mama Dirisha kwa sauti ambayo Hakiki hakuwahi kuisikia kwake. "Ikizidi, inalaza mapigo ya moyo. Twende."

Dereva wa zahanati aliwapeleka mpaka mahali gari lilipoweza kufika, kisha wakashuka wakaenda kwa miguu kwenye kichochoro. Kwenye lango la jirani mbwa aliwarukia kwa kubweka, mnyororo ukamzuia hatua moja tu kutoka kwao, na Hakiki akampita. Alikumbuka kumwogopa mbwa yule siku mbili baadaye.

Mlango wa mzee ulikuwa wazi nusu. Hakiki alisimama kwenye kizingiti, mguu ukakataa kuvuka. Alikuwa na hakika ya atakachokiona ndani, na alijua kuwa atakiona mpaka siku ya kufa kwake. Mama Dirisha alimsukuma pembeni akaingia.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta, simu iko mezani mahali asipoweza kuifikia. Pembeni yake zilipangwa bisibisi ndogondogo kwa ukubwa, na kopo la vidonge lilikuwa mwisho wa mstari.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Mama Dirisha akipiga magoti.

"Marahaba." Alizungumza polepole, ila alizungumza. "Simu niliisikia, miguu ndiyo imegoma. Tangu jana naona vitu vya njano. Taa ya njano, ukuta wa njano. Hata wewe, mwanangu, ni wa njano."

Mama Dirisha alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Hakiki aliiona midomo yake ikihesabu, kisha ikasimama, ikingoja. Ilingoja muda mrefu. Ndipo ikahesabu tena. Katika kimya kile Hakiki aliomba kwa maneno yote aliyoyajua, hata ya utotoni.

"Umekuwa ukimeza vingapi?"

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ndivyo lebo inavyosema." Mzee alivuta pumzi. "Daktari alinitamkia nusu, nilimsikia vizuri. Na hilo pengo kwenye lebo nililiona palepale dirishani. Miaka arobaini nimetazama vitu vidogo kuliko hivyo. Nikasema, hapa pana kitu kimetoka, niulize."

"Sasa mbona hukuuliza, baba?"

Mzee alimwangalia usoni. Hakumjua. Nje ya dirisha lake, bila nondo mbele, alikuwa mama mmoja tu aliyepiga magoti sakafuni kwake.

"Yule mama wa pale dirishani ni mkali sana, mwanangu," alisema. "Niliogopa."

Mama Dirisha aliendelea kumshika mkono, ingawa alikwisha kumaliza kuhesabu, kisha akamwambia Hakiki amshike mzee upande wa pili. Walimbeba mpaka kwenye gari, na gari likaenda hospitali kubwa.

Mzee alilala huko siku tano, akatoka kwa miguu yake, na mpaka leo anawakosoa watu saa zao. Nakuambia mapema usikae roho mkononi. Wao wawili hawakuwa na wa kuwaambia. Waliketi kwenye benchi nje ya mlango uliofungwa, na kila muuguzi aliyetoka waliinuka wote wawili, kisha wakaketi tena. Hakiki alikuwa bado na ile lebo ya mfano mkononi, imelowa jasho, ½ yake imeanza kufutika.

"Jumatatu," alisema Mama Dirisha baada ya muda, akitazama sakafu, "ulitaka kuniambia kitu. Nikakuambia unipishe kiti."

"Nilitaka dakika tano za kuhakiki."

"Dakika tano." Alizirudia kama mtu anayepima uzito wa kitu. "Mbona hukusema, fundi?"

Hakiki alikuwa na jibu, na safari hii halikumjia njiani akiwa amechelewa. Lilikuwa pale mdomoni. Alimtazama yule mama, akaona kuwa analijua na kwamba anangoja kulisikia hata hivyo.

"Kama mzee," alisema.

Mlango ukafunguka, na wote wawili wakainuka.