Jina la Baba Nililolisoma Dirishani

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa kuandikisha vizazi katika ofisi ya serikali, Kibondo. Siku moja mwanamume mpole kutoka Busunzu alikuja kuchukua cheti cha mwanawe, akasema mkewe anaumwa. Sikumdai barua wala kitambulisho. Nilifungua faili nikamsomea kwa sauti, "Jina la baba, Yohana."

"Mimi ni Elia," alisema taratibu.

Nikaona ananitilia shaka, mimi niliyejisifu kuwa sikosei hata herufi. "Mkeo mwenyewe ndiye aliyeandikisha. Tazama sahihi yake."

Aliitazama sana, akashukuru, akaondoka bila cheti.

Jumatatu mkewe alifika, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo mkononi.

"Dada, siri ya baba wa mtoto nilikuambia wewe tu, siku ile ya kuandikisha," alisema. "Sasa niende wapi?"

Foleni nzima ilikuwa ikinitazama.