Alinitogwa?

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kuazima, nikasimama kando ya kizimba kula kiapo. Mkalimani wa mahakama huapa kama shahidi, kwamba atatafsiri kwa ukweli bila kuongeza wala kupunguza. Ilikuwa mahakama moja upande wa Nzega, nami kijana wa Itetemia niliyejiona nakijua Kinyamwezi na Kiswahili vilevile. Karani Mkuu, mtu wa maneno machache, aliniambia, "Mkalimani hana maoni. Ana mdomo tu."

Miaka miwili mambo yalikwenda. Kesi nyingi zilikuwa za mifugo na mipaka ya mashamba, na ng'ombe ni ng'ombe kwa lugha yoyote. Kisha likaja shauri la talaka. Mdai, yaani aliyefungua shauri, alikuwa Mama Kabula, mwanamke wa makamo aliyetaka ndoa yake ya kimila ivunjwe. Mumewe alikuwa mkulima mpole, amekaa na kofia mapajani. Hakukuwa na kipigo, wala mwanamke mwingine.

Hakimu akasema, "Muulize kama bado anampenda mumewe."

Nikauliza kwa neno letu la kupenda, kutogwa. Mama Kabula akajibu bila kusita kwamba anamtogwa.

"Mheshimiwa, anampenda."

Hakimu akaandika, akaahirisha shauri hadi mchana ili aandae hukumu.

Nje, kwenye bomba la maji, yule mama alinishika mkono. "Bwana mkalimani, mbona watu wanasema nitarudishwa kwake?"

"Si umesema unamtogwa?"

"Namtogwa kama ninavyomtogwa jirani mwema. Sina ugomvi naye. Kuishi naye ndiko kumenishinda."

Kiswahili kina upendo, mapenzi, mahaba. Kwetu neno lilikuwa moja, au mimi ndiye niliyelijua moja tu. Nikabisha hodi kwa Hakimu.

"Mheshimiwa, nadhani nimekosea."

"Unadhani?"

"Sina hakika."

Akavua miwani. "Waite."

Tuliporudi ndani aliniambia, "Sasa muulize vizuri. Mapenzi ya mke na mume yapo?"

Sikuwa na neno la kumpa. Nikazunguka: akisikia baiskeli ya mumewe inaingia uani, moyo wake unakuwaje? Mama Kabula akasema kwamba hutoka nje akampokea mzigo.

"Hiyo ni ndiyo au hapana?" Hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, sijui."

Watu wakacheka, isipokuwa wale wawili. Mama Kabula akaomba aseme mwenyewe, kwa Kiswahili chake kidogo. "Miye nataka kwenda kwa kaka yangu. Basi." Hakimu akamhoji mumewe naye, kisha akaivunja ndoa.

Yule mume alinisubiri barazani. "Wewe ndiye uliyemsikia vizuri," alisema kwa Kinyamwezi. "Alinitogwa?"

"Ndiyo, baba."

Akanishukuru, akaondoka zake. Sikumwona tena.

Baadaye nilihamishiwa Kaliua, kisha Tabora mjini, chini ya mahakimu wa kila namna. Neno lile sikulitafsiri tena kabla ya kumuuliza msemaji anatogwa vipi. Hakimu Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinikaripia kwamba nachelewesha kesi. Alikuwa na haki.

Sasa nimestaafu. Juzi mjukuu wangu anayekaribia kuolewa alitaka nimweleze upendo, mapenzi na mahaba vinatofautianaje, apate la kuandika kwenye kadi. Nilianza vizuri, nikapotea katikati. Bibi yake alitucheka, naye hakusaidia.

Ninachokirudia kichwani ni lile jibu la barazani. Kwa maana aliyoikusudia Mama Kabula, nilisema kweli. Lakini nilijua yule mume atalisikia kwa maana nyingine, nikaliacha liende naye hivyohivyo. Sijui hadi leo kama nilivunja kiapo.