Dominika Alipoegesha Baiskeli Mollo

Dominika alizaliwa Mwimbi, ila kuogelea alijifunzia kwa bibi yake, kule chini kwenye Ziwa Tanganyika. Baiskeli alifundishwa na biashara. Ruhusa ya kuingiza mitumba ilipotoka, nguo zikaanza kupita mpakani Kasesya, alifunga belo la nguo nyuma ya baiskeli yake ya Foniksi akasukuma pedali hadi Sumbawanga, wanaume wakimtania njiani kwamba amekosa mume wa kumbebea.

Padri wa vijana alipoanzisha mashindano ya kuvuka bwawa, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia kwa miguu hadi mjini, Dominika aliwaacha wanawake wote. Mwaka wa pili aliwaacha na wanaume wengi. Utani ukakoma, wakamwita Bingwa.

Akaolewa na Flavian, akamzaa Beda. Mtoto hajaanza hata kutambaa, padri akatangaza kwamba safari hii mwanamke atakayeshika nafasi ya kwanza atapelekwa Dar es Salaam, kushindania baharini na wa mikoa mingine. Dominika alikuwa akifua nepi huku mawazo yako majini. Mama mkwe wake, Otilia, akaliona hilo. Akamwambia aende tu, yeye atakaa na mjukuu kijijini Mollo, pale washindani wanapoachia baiskeli na kuanza kukimbia.

Siku ilipofika, maji ya bwawa yaliuma kwa baridi. Dominika alitoka wa kwanza, na barabarani hakuna aliyemkaribia. Lakini kabla hajafika Mollo alisikia kilio. Beda alikuwa amekataa uji. Shati la Dominika likalowa kifuani kwa maziwa, akaegesha baiskeli akanyoosha mikono. Otilia akageuza bega, mtoto asichukuliwe.

"Hayo maziwa yamepigwa na jua, mwanangu, yatamdhuru mtoto. Kaa upoe, ukamue ya kwanza uyamwage, ndipo umpe."

Dominika aliijua desturi hiyo. Hata mama yake akitoka shambani alifanya vivyo hivyo.

"Mama, wenzangu wanakuja."

"Basi kimbia. Nitambembeleza."

Akakimbia kidogo. Sauti ya Beda ilikuwa imeanza kukauka. Akarudi, akaketi chini ya upenu, jasho likimkauka polepole mno.

Rahel, binti wa Masanja mfugaji, akafika na kutupa baiskeli yake chini.

"Bingwa, umeumia?"

"Hapana. Pita."

Rahel akapita, na wengine wakapita. Dominika akakamua, maziwa yakanywewa na vumbi, ndipo Beda akashika titi. Alipolala, Dominika alimrudisha kwa Otilia akamalizia mbio zake, ingawa mjini watu walikwishaanza kutawanyika.

Siku Rahel anasafiri kwenda Dar es Salaam, Dominika alikuwa stendi na mitumba yake, mtoto mgongoni. Rahel alimwita dirishani mwa basi, akamuuliza mtu hupumuaje kwenye maji ya chumvi, maana dada ndiye mjuzi wa maji.

Dominika akasogea dirishani.

"Ya chumvi sijawahi kuyaingia," akasema. "Ukirudi, nisimulie. Usiache kitu."