Fundi Aliyekata Vitanda vya Msaada

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi anaruka kutoka kwenye gari la kiwanda, chaki sikioni, futi ya kupimia kiunoni. Anaivuta fremu ya kitanda kabla dereva hajazima injini.

"Sentimita, taratibu! Wakubwa bado wako njiani," dereva anamwambia.

"Nani kakwambia nawasubiri wao? Mwenye kitanda yuko ndani."

Jina la Sentimita alipewa kiwandani, maana hata ukimuuliza njia atakujibu kwa vipimo. Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameitumia kuchomelea vitanda vya chuma. Shule aliiachia darasa la tano, baba yake alipofariki.

Leo kinajaribiwa kitanda kimoja tu, katika makao haya ya watoto wenye ulemavu. Kikifaa, kiwanda kitatengeneza mia mbili kwa ajili ya makao manne, kikishirikiana na shirika linaloyahudumia. Kisipofaa, meneja ameshasema: watagawa mablanketi, basi.

Mambo yalianza mwaka jana. Kiwanda kiliyapa makao haya msaada wa vitanda ishirini, na uongozi ukachagua vinavyouzika zaidi, yaani vya ghorofa. Bango likachapwa, mpiga picha akaitwa. Siku moja kabla ya sherehe, Sentimita akatumwa kukaza nati. Akakuta watoto arobaini, thelathini na mmoja wao wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

"Mama mlezi wa hapa akaniuliza, 'Baba, hawa wa juu watapanda na nini?'" anasimulia. "Nilijiona mjinga. Vitanda nimevichomelea mwenyewe, sikuuliza vinakwenda kwa nani."

Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alivikata vyote, kila kimoja kikawa viwili vifupi.

"Meneja alinitolea macho! 'Umeharibu mali ya kampuni!' Nikamwambia, bosi, panda cha juu bila kutumia miguu, halafu unifukuze."

Alisimamishwa kazi wiki sita bila mshahara. Nyumbani, mkewe hakumung'unya maneno. "Baba watoto, mdomo wako huo utatulaza njaa." Kisha akauliza wale watoto walilalaje. Alipoambiwa walilala vizuri, akaenda kutafuta vibarua vya kufua.

Shirika ndilo lililomrudisha. Lilikiambia kiwanda kwamba halipokei tena kitu chochote kabla fundi hajaja kuwauliza watumiaji, na fundi linayemtaka ni Sentimita. Meneja naye hafichi. "Nilikasirika sana. Lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunajipigia picha wenyewe."

Sasa kitanda kimesimama, godoro liko juu yake, na wakubwa wamejipanga ukutani. Anaingia mjaribu: binti wa miaka kumi na miwili, anayeitwa Jaji kwa sababu hakuna kinachompendeza. Anasogeza kiti chake, anashika chuma, anajisukuma. Hafiki. Anajaribu tena. Wapi!

Meneja anaangalia saa.

"Babu Sentimita," binti anasema, "ulipima na godoro?"

Kiwandani kitanda hupimwa fremu tupu, miaka nenda miaka rudi, na godoro ni kazi ya watu wa dukani. Fundi anajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Sikupima, mjukuu wangu. Umenikamata."

"Basi punguza. Mimi nangoja."

Dereva anacheka mpaka anashika ukuta. Sentimita anapima urefu wa kiti, anapima godoro, anatia alama ya chaki, anakiburuta kitanda nje. Msumeno wa umeme unalia, cheche zinaruka, mkurugenzi wa kiwanda anarudi nyuma akilinda suti yake. Sentimita kumi na mbili zinatoka kwenye kila mguu.

Kitanda kinarudi ndani. Jaji anashika chuma, anavuta pumzi, anateleza kutoka kitini hadi godoroni, peke yake, hajaguswa na mtu. Mama mlezi anapiga kigelegele. Meneja anapiga makofi kuliko wote.

"Mnapiga kelele," Jaji anasema, akijivutia shuka mpaka kidevuni. "Tokeni, nataka kulala."

"Mia mbili," mkurugenzi anamwambia fundi mlangoni. "Anzeni Jumatatu."

"Jumanne, mzee," Sentimita anamjibu, jasho linamtiririka na meno yote nje. "Jumatatu nawaleta mafundi wote thelathini hapa, kila mmoja akaguliwe na huyu binti. Na meneja naye aje."